Pasaka Iko Sura ya Ngapi?

Katika milima ya Burundi swali hili huulizwa kwa ubishi zaidi kuliko kwa kiu ya kujua. Mlokole kijana, Biblia kwapani, humtaka katekista amwonyeshe sura na mstari unaowaagiza Wakristo kusherehekea Pasaka kila mwaka. Katekista, ambaye pengine ndiye aliyemfundisha mama wa kijana huyo kufanya ishara ya msalaba, humjibu kwamba bado ni mdogo. Jibu hilo halimalizi chochote, na wote wawili wanajua.

Nyarusange ni mahali pazuri pa kulitafakari swali hili, ingawa nayo haiko mahali pamoja. Iko ya Gitega, iliyojulikana kwa miaka mingi kama tarafa, kabla ramani ya nchi haijachorwa upya na mikoa 18 kufanywa 5. Jina hilohilo utalikuta tena Muyinga, kaskazini-mashariki, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania. Ukiuliza njia ya Nyarusange ukiwa Gitega, hakuna atakayetaka kujua unakusudia ipi, Muyinga vilevile. Kila mtu anayo yake.

Biblia ilifika huku kwa masikio kabla ya kufika kwa macho. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Kanuni waliyoachiwa na Kardinali Lavigerie ilitaka mtu afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa, na mafundisho yenyewe yalikuwa ya kukariri: swali, jibu, swali, jibu. Waprotestanti walipokuja walikuwa na haraka ya kuchapa vitabu. Kanisa la Marafiki lilijenga Kibimba, hukohuko Gitega, mwaka 1934; Waanglikana wakafika Buhiga na Matana mwaka 1935. Agano Jipya la Kirundi lilitoka mwaka 1951 na Biblia nzima mwaka 1967. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa miaka ya 1940 anaweza kuwa ameisikia Injili maisha yake yote bila kumiliki Biblia hata siku moja, wakati mjukuu wake anayo ndani ya simu.

Muulize bibi huyo Pasaka iko wapi katika Biblia. Hatakutajia sura, atakutajia siku. Alhamisi Kuu ni ile habari ya damu kwenye miimo ya milango. Ijumaa ni mateso kama alivyoyaandika Yohana, kuanzia bustanini hadi kaburini, na kabla yake yule mtumishi wa Isaya aliyepigwa kwa makosa ya wengine. Usiku wa Jumamosi moto unawashwa nje, watu wanaingia gizani na mishumaa, na masomo yanaanza tangu uumbaji wa dunia. Yapo 7 ya Agano la Kale, na padri aliyechoka anaruhusiwa kuyapunguza, lakini moja haruhusiwi kuliruka: Kutoka 14, Waisraeli kuvuka bahari. Bibi anaweza kusinzia wakati wa Isaya, ila farasi wa Farao wakianza kuzama utamwona macho makavu. Yeye Biblia yake imepangwa hivyo, kwa siku na kwa saa, na si jambo dogo. Wengi wetu tuliosoma hatuwezi kusema Kutoka 14 inahusu nini mpaka tufungue.

Lakini masikio nayo yana mapengo yake. Somo la Alhamisi Kuu ni Kutoka 12, nalo linaishia mstari wa 14. Hatua chache mbele, katika mstari wa 26, kuna jambo ambalo bibi halisikii usiku huo: Musa anawatayarisha wazazi kwa siku ambayo watoto watawauliza ibada hii ina maana gani. Sheria yenyewe imeacha nafasi ya mtoto mwenye maswali. Haikusema anyamazishwe, wala haikusema aambiwe kwamba bado ni mdogo. Ilisema asimuliwe. Nikilifikiria hilo namwona yule mlokole, kwa kelele zake zote, amekaa karibu na maandiko kuliko katekista anavyodhani.

Ukiisoma sura hiyo ya 12 polepole utaona ni andiko la jikoni. Mnyama achaguliwe siku ya 10 ya mwezi, atunzwe nyumbani hadi ya 14, achinjwe jioni. Awe dume la mwaka mmoja, asiye na kilema. Anaweza kuwa kondoo au mbuzi, na hapa watu hushangaa, maana picha zote ukutani zimewazoesha mwanakondoo mweupe. Mbuzi ni halali kabisa. Nyarusange wangemwanzia huyo. Nyama ichomwe motoni, isichemshwe, isiliwe mbichi. Iliwe na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, jambo ambalo kwa watu waliokulia kwenye nyanya chungu si adhabu. Na kama nyumba ni ndogo haiwezi kummaliza mnyama mzima, wamwite jirani wa karibu wahesabiane midomo. Sioni mahali pengine ambapo Biblia inajishughulisha hivi na swali la nani hana mbuzi wa kutosha na nani hana watu wa kutosha.

Kisha waile wakiwa tayari kwa safari: mkanda kiunoni, viatu miguuni, fimbo mkononi. Kwa haraka. Sikukuu nyingine zote ninazozijua zinaanza kwa kuvua viatu.

Turudi kwa mlokole. Je, Agano Jipya linaagiza Pasaka? Mahali palipo karibu zaidi ni barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 5, anapomwita Kristo Pasaka yetu aliyechinjwa na kuwahimiza waifanye karamu. Ila hapohapo chachu anaigeuza kuwa ubaya wa moyo, hivi kwamba hujui kama anazungumzia siku moja ya mwaka au siku zote. Usiku wa mwisho Yesu aliagiza kumbukumbu bila kusema ni mara ngapi. Mashahidi wa Yehova wakalichukua hilo kuwa usiku mmoja wa mwaka, 14 Nisani baada ya jua kutua. Wakatoliki wakalichukua kuwa kila siku. Amri ya kuadhimisha Jumapili ya ufufuko kwa mwaka haimo. Mlokole hapo ana haki. Ila akiendelea kuvuta uzi huo atashangaa ni vitu vingapi vitafumuka. Tarehe 25 Desemba haimo. Mamajusi hawakuhesabiwa, zawadi ndizo zilizokuwa 3. Ng'ombe na punda kando ya hori hawatajwi na Mathayo wala Luka, wametoka kwa Isaya. Tunda la Edeni halina jina. Paulo alianguka njiani kwenda Dameski, lakini farasi aliyempanda ni wa wachoraji. Matawi ya mitende ni ya Yohana peke yake, na Luka hana matawi ya aina yoyote. Na ile kauli kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, ambayo nimeisikia ikitolewa mimbarini kwa sauti ya nabii, haimo popote. Waliosoma shule za Kifaransa waliikuta kwa La Fontaine, katika kisa cha mwenye gari lililokwama matopeni.

Suala la tarehe lina utamu wake. Wakristo wa karne ya 2 waliligombania kweli. Wale wa Asia Ndogo walishika siku ya 14 ya mwezi iangukie siku yoyote ya juma, wale wa Roma walitaka Jumapili. Polikarpo wa Smirna, mzee sana, alisafiri hadi Roma kuzungumza na Askofu Aniseti. Hawakukubaliana, wakashiriki meza moja, mzee akarudi kwao na kalenda yake. Miaka ya 190 Askofu Viktori, anayetajwa kuwa mzaliwa wa Afrika ya kaskazini, alitaka kuwatenga wale wa Asia, na Irenei wa Lyon akamkemea. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukataka siku iwe moja kwa wote, na baadaye ikatulia kanuni tunayoitumia: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, isipungue 22 Machi wala isizidi 25 Aprili.

Mwislamu wa mtaa wa Waswahili mjini Muyinga akielezwa hivyo haoni ajabu. Anajua sikukuu inayotembea. Atakachouliza ni nani aliyeuona mwezi, na hapo Mkristo inabidi akiri kwamba hakuna aliyetoka nje kutazama, kuna majedwali. Babu zao wote wawili walikuwa na mwezi wao. Umuganuro, sikukuu ya mtama, ilifuata mwezi, mwami akifungua mwaka wa kupanda na ngoma zikilia, mpaka wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipokoma kwa shinikizo ambalo wamisionari hawakujitenga nalo. Ngoma za Gishora, katika eneo la Gitega, bado zinapigwa, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya urithi. Kalenda iliyozipa kazi ndiyo iliyoondoka. Pasaka ya Wayahudi iliangukia mavuno ya shayiri. Pasaka ya Nyarusange huangukia masika, maharage ya msimu wa pili yakiwa bado shambani na njia zikiwa matope matupu. Mtu anayetembea kwenda kwenye mkesha akiwa amebeba viatu mkononi ili avivalie kanisani hana uhusiano wowote na mavuno ya Yerusalemu, na hajali.

Na ufufuko wenyewe? Hapa ndipo wasikiaji na wasomaji wote hushtuka wakisoma kwa makini. Hakuna hata mmoja wa wainjili wanne anayesimulia Yesu akitoka kaburini. Hakuna aliyekuwepo. Mathayo ana tetemeko, malaika na walinzi waliozimia, lakini jiwe linapoviringishwa kaburi limekwisha kuwa tupu. Ushuhuda wa kale kuliko wote ni wa Paulo, katika 1 Wakorintho 15, ulioandikwa miaka kama 20 na kitu baada ya tukio. Unataja waliotokewa mmoja baada ya mwingine, na wanawake hawamo. Injili zilipoandikwa wanawake wakawa wa kwanza. Marko, katika nakala mbili maarufu za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, anaishia 16:8: wanawake wanakimbia wakitetemeka, na kwa hofu hawamwambii mtu neno lolote. Mistari iliyofuata iliongezwa baadaye na watu ambao, kama mimi, hawakuweza kuvumilia kitabu kiishie hapo.

Njiani kwenda kaburini wanawake hao walikuwa wakiulizana nani atawaviringishia jiwe. Swali la vitendo, la watu waliotoka nyumbani asubuhi na manukato bila mpango. Siku tatu kabla, wanafunzi nao waliuliza lao, na ndilo lile tulilonalo hapa: wapi? Wapi unataka tukuandalie Pasaka? Katika Marko 14 Yesu hawapi jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Anawatuma wawili mjini, anawaambia watakutana na mwanamume amebeba mtungi wa maji, wamfuate.

Sehemu hii msomaji wa Ulaya anahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Nyarusange haihitaji. Kule maji huchotwa na wanawake na watoto. Asubuhi utawaona wakipanda kutoka bondeni na bido la njano kichwani, jani limechomekwa mdomoni mwa bido ili maji yasimwagike. Mwanamume akiwa na baiskeli iliyofungwa mabido manne, huyo ni mfanyabiashara, hakuna anayegeuka. Lakini mwanamume mzima aliyejitwika maji yeye mwenyewe, kilima kizima kitajua kabla ya saa sita. Mkewe mgonjwa? Amekimbiwa? Au ni mgeni asiyejua? Yesu aliwapa alama ambayo haikuwezekana kupotea, na kwa uzito wote wa usiku ule, njia ya kwenda kwenye chumba cha juu ilipitia kwa mtu ambaye majirani walikuwa wakimsema.

Kuna Pasaka nyingine katika Biblia ambayo masikio hayaifikii, kwa kuwa haisomwi katika misa ya Jumapili yoyote, na macho huipita kwa sababu iko katika kitabu cha Hesabu, ambacho watu hukiacha kwenye orodha za majina. Ni sura ya 9. Waisraeli wako jangwani Sinai, mwaka wa pili tangu watoke Misri, na siku ya Pasaka imefika. Watu kadhaa wanamjia Musa. Wamegusa maiti, kwa hiyo wana unajisi, hawaruhusiwi. Wanauliza kwa nini wao wazuiwe. Musa hana jibu. Anawaambia wasubiri, akasikie. Na jibu linalokuja linaongeza sheria ambayo haikuwepo: yeyote aliyetiwa unajisi kwa maiti, au aliye safarini mbali, yeye au wazao wake, ataila Pasaka mwezi wa pili, siku ya 14, kwa mkate uleule na mboga chungu zilezile.

Maiti na safari ya mbali. Sijui nchi ambayo sura hii ingepaswa kuhubiriwa zaidi kuliko Burundi, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Hesabu za majira ya Pasaka huku zina tarehe zake za pembeni. Mauaji ya 1972 yalianza 29 Aprili, wiki ya nne baada ya Pasaka. Mwaka 1994 Pasaka ilikuwa 3 Aprili, na tarehe 6 ndege iliyombeba Rais Cyprien Ntaryamira pamoja na mwenzake wa Rwanda ikaangushwa Kigali. Tarehe 30 Aprili 1997, ndani ya siku 50 za Pasaka, washambuliaji waliingia seminari ndogo ya Buta, wakawaamuru vijana wajitenge Wahutu kwa Watutsi. Hawakujitenga, na 40 wakauawa. Mikono iliyozika katika miezi hiyo ni mingi. Ukisoma Hesabu 9 ukiwa na hayo kichwani, wale watu wasiotajwa majina waliokuja kwa Musa hawakai tena jangwani.

Safari nayo ilikuwa ya mbali. Waliokimbia 1972 walilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu mpaka wajukuu wakazaliwa huko, na mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao na wazao wao. Waliokimbia tangu 2015 walijaa kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Tangu Septemba 2017 wengine wamekuwa wakirudi kwa mabasi, na njia mojawapo ni Kobero, mpaka wa Muyinga. Basi haliangalii Kwaresima. Familia inaweza kushushwa na magodoro na sufuria zake wiki ya pili baada ya Pasaka, watoto wakiongea Kiswahili cha kambini vizuri kuliko Kirundi cha bibi yao, ubatizo wa mwaka umekwisha fanyika, na parokia ikawaambia warudi mwakani. Nami ningemwomba paroko wa namna hiyo, kwa heshima zote, afungue Hesabu.

Mfalme Hezekia aliifungua. Habari yake iko 2 Mambo ya Nyakati 30. Makuhani hawakuwa wamejitakasa wa kutosha na watu hawakuwa wamekusanyika, kwa hiyo Pasaka ya taifa zima akaiweka mwezi wa pili. Akatuma matarishi na barua hadi kaskazini, kwa mabaki ya watu waliosalimika mikononi mwa wafalme wa Ashuru. Huko wengi waliwacheka matarishi. Wachache wakaja, kutoka Manase, Zabuloni na Asheri, na baadhi ya watu wa kaskazini wakala bila kujitakasa, na mwandishi anakiri bila kumung'unya maneno kwamba walikula kinyume cha ilivyoandikwa. Hezekia akawaombea, na ombi likakubaliwa. Ningependa mlokole na katekista wausome ukurasa huo wakiwa wamekaa benchi moja, kwa sababu unamnyima kila mmoja wao ushindi. Sikukuu ilikuwa ya siku 7; zilipokwisha watu wakaona hazijatosha, wakakubaliana kuongeza 7 nyingine, ambazo hakuna sheria iliyoziagiza, na mfalme akatoa ng'ombe 1,000 na kondoo 7,000 ili chakula kisipungue.